Aseye na Injini ya Marehemu

Mwanamke akivaa kaniki ya kufiwa na mume, hapa Akolikope kila mtumbwi unajaa. Utauona una nafasi ya watu sita na mbuzi wao, lakini yeye akisogea tu, umejaa. "Umejaa, Daavi, samahani," anasema mwenye mtumbwi, huku anaangalia maji. Hakuna anayemchukia. Ila mjane akipanda kabla hajavua kaniki, kivuli cha marehemu kinapanda naye, na nyavu za watu zinatoka tupu mwaka mzima. Kila mvuvi ana binamu yake aliyejifanya mjuaji akambeba mjane, mashine ikamfia katikati ya ziwa la Volta. Binamu huyo hajawahi kuonekana, lakini yupo. Mimi kazi yangu ni kubanika samaki kwa moshi, na samaki wenyewe nawanunua kwa wavuvi hao hao, kwa hiyo msiniulize kama naamini. Naishi nao.

Ninayemsimulia hapa ni jirani yangu Aseye. Sisi wadogo zake tulimwita Daavi, dada yetu mkubwa. Aliletwa hapa akiwa bibi harusi kutoka kule chini mtoni, akaolewa na Dotse, mwanamume mrefu wa maneno machache, mwenye boti ya mbao na injini kongwe. Injini ile Dotse aliinunua kwa mapadri wa misheni walipopata mpya, na hata mapadri waliikuta. Rangi yake ilishakwisha. Kifuniko kilifungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kamba ya kuivutia ilikatika zamani pamoja na springi yake, gurudumu la kamba likapasuka, kwa hiyo ikawa inawaka kwa betri tu: unabonyeza kitufe, inakohoa, inawaka.

Miaka yote ya ndoa Aseye alikuwa na kazi mbili ndani ya boti. Ya kwanza ni kukumba maji kwa galoni lililokatwa. Ya pili ni kukaa mbele na kuonyesha visiki. Ziwa letu lilimeza msitu mzima, na msitu ule bado umesimama chini ya maji, vichwa vya miti viko pale vinangoja propela. Aseye anainua mkono huu, Dotse anapinda huku. Wakirudi, mwalo mzima tulikuwa tunawasikia.

"Nilikuonyesha kulia!"

"Umeonyesha kama mtu anayefukuza nzi!"

"Basi kesho kaa mbele wewe, nishike injini mimi!"

Ndiyo maongezi yao. Nyumbani kwao kulikuwa kimya.

Dotse alifariki msimu wa vumbi. Alijilaza mchana kupumzisha mgongo, hakuamka. Boti ikavutwa nchi kavu, injini ikasimamishwa kwenye banda la jikoni, na Aseye akavaa kaniki. Kuanzia hapo, ukimpelekea kitu unakiweka juu ya jiwe lililo mbele ya nyumba yake, unarudi nyuma, ndipo anatoka kuchukua. Unamsalimia ukiwa mbali. Hamshikani mikono. Sokoni haendi. Mimi nilimwekea unga, bamia, na samaki wadogo, na tulikuwa tunapiga soga kwa kupaza sauti kama watu waliogombana. Wengine walisahau. Si kwa ubaya. Mtu usiyeruhusiwa kumsogelea unamsahau upesi kuliko mtu aliyesafiri.

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai, Edinam, ameolewa Tsitokope, ng'ambo ya ziwa. Edinam alishazaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alikufa kabla ya siku ya nane. Kwetu mtoto anatolewa nje siku hiyo ya nane, asubuhi, ndipo anapewa jina. Wale wawili walizikwa bila jina, na asiyekuwa na jina haliliwi hadharani. Aseye aliwalilia jikoni, akasingizia moshi.

Safari ya tatu simu ilipigwa kwangu, maana ya Dotse ilizimika tangu msiba. Nilikimbia mpaka kwenye jiwe, nikasimama pale.

"Daavi! Daavi! Edinam kajifungua!"

Akatoka na unga mikononi. "Mzima?"

"Wazima wote wawili. Msichana."

"Analia?"

"Analia! Nimemsikia kwenye simu, sauti kama ya muuza kenkey sokoni."

Aseye akakaa chini pale pale mlangoni. Akajifuta unga kwa kaniki. Kisha akasema, "Siku ya nane nitakuwa Tsitokope."

"Kwa chombo gani? Mitumbwi yote..."

"Najua mitumbwi yote imejaa, Yawa. Nitaenda na boti yangu."

"Injini hiyo haijawashwa tangu mwenyewe afariki. Na nani atakaa mbele?"

Akainuka, akaenda jikoni kuitazama injini.

Fundi wetu wa injini ni Efo Kpodo, mtu mzima, mdomo kama redio. Nilimwendea mimi. Akakuna kichwa, akasema atakuja lakini kwa njia ya maji. Na kweli alikuja na kimtumbwi chake, akachomeka upondo matopeni, akajifunga hapo, mbali kidogo na ufuko, uso ukitazama nchi kavu. Aseye alikuwa ameiburuta injini peke yake mpaka kwenye boti, akaifunga nyuma.

"Si kwamba naogopa," Kpodo alipaza sauti. "Mke wangu ndiye anaogopa."

"Msalimie," Aseye alijibu. "Nianzie wapi?"

"Toa plagi. Inua juu nizione. Aa! Nyeusi kama roho ya mkwe wangu. Sugua. Sasa fungua kabureta."

Mafuta yaliyolala mle ndani yalikuwa mazito kama uji wa jana, na kitundu cha kupitisha petroli kilikuwa kimeziba kabisa. Alikizibua kwa unyuzi mmoja wa waya, ulimi nje, kama anatoa mwiba. Ikafuata platini, vile vyuma viwili vidogo vya kukatia moto wa cheche. Kpodo akamrushia kipande cha msasa kikatua juu ya jiwe.

"Sugua taratibu! Hiyo si sufuria!"

"Kama unaona nakosea, njoo usugue wewe."

Mwalo mzima tulicheka, na Kpodo akacheka pia, lakini hakuchomoa upondo.

Balaa likaja kwenye betri. Dotse, Mungu amrehemu, nyaya zote mbili alizizungushia utepe mweusi, na alama za betri zilishaliwa na ule unga mweupe unaoota kwenye betri kuukuu. Yeye alijua ipi ni ipi. Nani mwingine alihitaji kujua?

"Ule waya mnene uende kushoto!" Kpodo akasema.

Aseye akauweka kushoto. Akaufunga kwa spana, akagusisha na wa pili. Cheche moja, paa! Moshi mchungu ukatoka chini ya kifuniko.

"Kushoto! Nimesema kushoto!"

"Nimeweka kushoto!"

"Kushoto kwangu!"

"Mimi nitajuaje kushoto kwako, na wewe umenigeuzia uso kama hakimu?"

Fundi gani duniani anamfundisha mtu kazi akiwa amemkabili? Wa kwetu tu. Angesimama nyuma ya bega lake, kama fundi yeyote, kushoto kungekuwa kumoja.

Nyaya zikageuzwa. Aseye akabonyeza kitufe. Injini ikakohoa, ikatema moshi wa buluu, ikakohoa tena, ikawaka. Kuku wakatawanyika. Lakini sisi watu tulirudi nyuma, maana ile sauti tuliijua, na mwenyewe tulishamzika.

Kpodo hakufurahi. "Unganisha ile taa ndogo kwenye betri. Sasa ongeza mafuta. Inang'aa zaidi?"

"Iko vile vile."

"Ongeza tena."

"Vile vile, Efo."

Akavua kofia. "Basi kile kidude kinachorudisha moto kwenye betri ndicho kilichoungua. Injini itakwenda, itakwenda vizuri tu, lakini betri haijazi tena. Ulichonacho ndani ya betri ndicho hicho. Nikiitazama, itawasha mara tatu. Ukiwa na bahati, nne. Na ile pampu ya kutoa maji usiiguse."

"Boti inavuja. Mbao zimekauka."

"Kumba kwa mkono. Pampu inakunywa betri kama mlevi."

Kidude kingine cha injini ya umri ule hakuna hata mjini. Mwenye sola ya kuchaji simu hapa kwetu nilimwomba achaji betri. Akaniambia betri ya boti ingekunywa jua lake lote, na simu za watu? Alisema hivyo huku ametazama pembeni, nikajua si habari ya jua.

Sasa sikilizeni alichofanya Aseye. Jioni ile ile akachomeka simu ya Dotse kwenye betri, ikafufuka, akampigia Edinam. Edinam akaweka simu karibu na mtoto. Mtoto hakulia, alikuwa anapumua tu, na Aseye akakaa ndani ya boti iliyo nchi kavu, anasikiliza pumzi. Kesho yake akafanya hivyo tena. Nilimwona kutoka kwangu, mwanamke mweusi ndani ya kaniki nyeusi, kichwa kimeinama upande mmoja. Siku ya tatu Kpodo akapita na kimtumbwi chake.

"Daavi, unachaji simu?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kila siku ni mara moja ya kuwasha. Betri hiyo ni nzee, haina akiba. Chagua: umsikie, au umfikie."

Alichomoa waya mbele yake. Hakumpigia tena Edinam, na Edinam alipopiga alikuta imezimwa. Akanipigia mimi akilia, nikamwambia mama yako yuko salama, anatunza betri. Akaona namtania.

Siku yenyewe Aseye aliondoka kulipopambazuka. Nilikuwa nimemwekea akple, ugali wetu, na samaki juu ya jiwe. Haya ya ziwani alinisimulia mwenyewe alipovua kaniki, tena kwa kubanwa, maana si mtu wa kujisimulia.

Alishika injini kwa mkono mmoja, galoni kwa mkono wa pili. Maji yalikuwa yanaingia kwenye kila mwanya wa mbao. Anakumba, anatazama mbele, anakumba. Shida ni kwamba ukiinama kukumba huoni visiki. Alisema mara mbili tatu aliinua mkono kuonyesha kisiki, kama alivyozoea, na hapo hapo akakumbuka kwamba anayeonyeshwa ni yeye. Mkono unarudi kwenye injini umechelewa. Na hivyo ndivyo alivyokigonga kimoja, kikubwa, chini tu ya maji. Injini ikapiga kelele, propela haizunguki. Pini imekatika.

Pini ya propela imetengenezwa ikatike, isije ikavunjika injini yenyewe. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa watu wawili. Alizima. Akaifunga boti kwenye kisiki kile kile kilichomharibia, akainua injini, akalala kifudifudi huku maji yanampanda tumboni, akachomoa vipande kwa koleo, akaingiza pini nyingine. Pale katikati hakuna sauti yoyote, alisema. Hata ndege. Alijikuta anasema kwa nguvu, "Nilikuonyesha kulia," na akaona haya, akakumba maji mpaka yakaisha.

Aliwasha. Hiyo ya pili. Iliitika kwa uvivu.

Alifika Tsitokope jua limeshapanda. Watu wamejaa uani, nguo nyeupe, nyumba iko juu kidogo ya ufuko. Akapunguza mafuta, akasogea, na hapo akateremka Shangazi Mansa, dada wa baba wa mtoto, mwanamke mnene anayetembea kama anayefukuza mwizi. Akasimama ndani ya maji mpaka magotini, mikono juu.

"Mama Edinam! Baki huko huko!"

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Najua ulichokuja kufanya. Na mimi nikivaa kaniki nitataka hivyo hivyo. Lakini usikanyage hapa. Wawili wameshaenda, Mama Edinam. Wawili! Niliwaosha mimi. Huyu nakuomba, nakuomba kwa magoti haya yaliyo majini."

Aseye hakubishana. Angebishana nini? Hata yeye aliwaogopa kina marehemu. Akasema, "Nitakaa hapa. Sitashuka." Akatupa nanga pale pale, injini inaunguruma polepole. Kuizima hakuthubutu. Kwa hesabu yake iliyobaki ndani ya betri ni moja, kama simu haikuila, na hiyo ni ya kurudi.

Wakaanza. Alikuwa anaona migongo. Aliona maji yakirushwa juu ya paa la bati, yamdondokee mtoto, kama tunavyofanya. Aliona mzee mmoja akiinuka, anafungua mdomo, anaongea. Watu wakajibu. Mzee akaongea tena. Ilikuwa zamu ya jina, na Aseye hakuwa anasikia kitu. Injini ya mapadri ile, hata ikisinzia, ni kama kinu cha kusaga.

Akaizima.

Kimya kikaanguka. Na ndani ya kimya, jina: Sefakor. Mzee akalirudia mara ya pili, watu wakaliitikia, na mtoto, kwa yale maji ya baridi, akapasua sauti. Aseye alisikia yote, mpaka mtoto alipopewa titi akanyamaza.

Baada ya pombe kumwagwa chini na watu kuanza kula, Mansa akateremka tena. "Haya, umeshaona. Washa, uende salama, kabla upepo haujainuka."

Aseye akabonyeza. Tik. Akabonyeza tena. Tik.

"Imekuwaje?"

"Betri imekufa."

"Si ilikuwa inanguruma sasa hivi? Ulizima ya nini?"

"Sikuwa nasikia jina."

Mansa akaitazama boti, akaitazama mitumbwi iliyo ufukoni. Kumvuta nani amvute? Mitumbwi ya Tsitokope nayo imejaa. Kumshusha haiwezekani. Hatimaye akapiga kelele aletewe beseni. Akatia akple na supu ndani, akaliweka juu ya maji, akalisukuma kwa kasia likaelea mpaka kwenye boti. Beseni likarudi na betri ndani, limezama mpaka ukingoni, Mansa anapiga kelele kila mtu akae mbali kana kwamba amebeba chui. Betri ikapelekwa kwa mwenye baa, aliyekuwa na jenereta.

Jenereta yenyewe ilikuwa inawashwa jioni tu, saa za wanywaji. Kwa hiyo ilichukua siku kadhaa. Aseye alilala ndani ya boti, akakumba maji, akala kutoka kwenye beseni. Watoto wa pale walikatazwa kumtazama, na ndiyo maana walimtazama sana. Edinam alikuwa anateremka asubuhi mpaka mwisho wa nyasi, mtoto amefunikwa gubigubi.

"Mama, umemwona?"

"Nimeona mguu."

"Ngoja nimgeuze."

"Edinam!" Mansa anaita kutoka juu. "Upepo! Rudi ndani!"

"Mguu unatosha," Aseye anasema. "Rudi ndani, mwanangu."

Kila siku ilikuwa hivyo. Alinisimulia habari za mguu ule kuliko habari nyingine yoyote, jinsi kidole cha pili kilivyo kirefu, jinsi ulivyokuwa unapiga teke kitambaa. Nikamuuliza kama siku zile zilikuwa ndefu. Akasema hapana. Akasema alikuwa anaomba baa ikose wateja.

Baa haikukosa wateja. Betri ikarudi imejaa, Mansa mwenyewe akaisukuma kwa beseni, na safari hii akaingia majini zaidi ya magoti, karibu kufika, ndipo akaachia. Akasema, "Ukivua kaniki, kitanda chako kipo." Aseye akashukuru. Akafunga nyaya, akahakikisha kushoto ni kushoto, akavuta nanga. Moyoni alitaka iseme tik. Ingesema tik mara moja tu, lingekuwa jambo la jioni nyingine mbili.

Akabonyeza. Ikawaka papo hapo.

Hakuwa na sababu ya kukaa tena. Alipogeuza boti, Edinam alikuja mbio mpaka kwenye maji, akafunua kitambaa chote, akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili, na Mansa hakumzuia. Aseye alimwona mzima, kichwa, tumbo, miguu yote miwili. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, macho yamefumbwa, analia. Edinam naye alikuwa anasema kitu, injini ikakimeza. Aseye mkono wake ulikuwa karibu na kitufe cha kuzimia. Aliuacha pale kidogo, kisha akauhamisha kwenye mafuta, akaongeza.